Mezani Pamepooza: Kwa Mgeni wa Michezo ya Uhusika

Umealikwa kwenye kampeni (hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi) ya Dungeons & Dragons nyumbani kwa mtu, South B au Kasarani jijini Nairobi, Jumamosi mchana. Ni mchezo wa mezani: kila mchezaji huigiza mhusika mmoja katika hadithi, na dadu huamua kama amefaulu. Kikao cha kwanza kilikuwa kitamu. Cha tatu umejikuta ukihesabu vigae vya sakafu. Usikimbilie kusema mchezo haukufai, wala kwamba mwendesha mchezo, yule anayesimulia hadithi na kucheza maadui, ambaye mezani utasikia akiitwa DM, hajui kazi yake. Mara nyingi tatizo ni kungoja, na kungoja kunapungua mtu akijua kunakotoka.

Tuanze na mapigano, kwa kuwa humo ndimo saa nyingi hupotelea. Piga hesabu. Wachezaji 5, kila mmoja akichukua dakika 3, ni dakika 15. DM naye ana maadui wote wa kuendesha, mpe dakika 5. Raundi moja imekula dakika 20. Pigano la raundi 4 ni saa moja na dakika 20, na humo wewe umecheza dakika 12 tu. Dakika 68 umekaa. Katika hadithi raundi ni sekunde 6, kwa hiyo pigano zima limedumu sekunde 24. Sasa kila mchezaji akipunguza zamu yake hadi dakika 1, DM abaki na 5 zake, raundi inakuwa dakika 10. Nusu ya muda imeokolewa na hakuna kanuni iliyoguswa.

Wewe ni mgeni, huwezi kuwaharakisha wenyeji. Zamu yako unaiweza, na wenzako wakiona inavyokwenda huanza kuiga. Amua la kufanya wakati mtu aliye mbele yako anapoanza zamu, usingoje amalize. Uwe na mpango mmoja na mwingine wa akiba, kwa sababu adui uliyemlenga huenda akauawa kabla hujafikiwa. Rusha dadu ya pande 20, inayoamua kama umempata adui, pamoja na zile za madhara kwa mkupuo mmoja. Ukikosa, za madhara ziache. Kama mhusika wako anashambulia mara mbili, tumia dadu za rangi mbili na utaje kabla ya kurusha ipi ni ya shambulio la kwanza, pasije pakazuka ubishi. Kisha yaseme yote kwa pamoja: "Nasogea futi 30 hadi mlangoni, nampiga mwenye upinde, 17, ikimpata madhara ni 9." DM hana la kukuuliza tena, anaita jina linalofuata.

Wanaocheza wachawi ndio huchelewesha meza zaidi, na si uvivu wao. Maelezo ya uchawi ni mengi na yametawanyika. Andika kila uchawi kwenye kadi yake: umbali, muda unaodumu, adui anajiokoa kwa sifa gani (nguvu, wepesi na kadhalika), dadu ngapi, na kama unadai umakini usiokatika (kanuni huuita "concentration"). Hilo la mwisho husahaulika sana. Mtu anagundua katikati ya pigano kwamba ameshikilia uchawi wa aina hiyo miwili kwa mpigo, jambo ambalo kanuni zinakataza, na meza inarudi nyuma raundi mbili kurekebisha. Uchawi wa mpira wa moto nao una dadu 8 za pande 6 za madhara. Usizijumlishe moja moja, zipange kwanza katika makumi, kisha ongeza zilizobaki.

Kitabu huhitaji kununua kwa sasa. Kanuni za msingi za toleo la tano, hati iitwayo SRD 5.1, zimetolewa bure chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023. Pakua, nenda saiba yoyote, chapisha kurasa za mapigano na za uchawi unaoutumia. Karatasi ni bora kuliko simu: stima hupotea, chaji huisha, na simu ikishafunguliwa kutafuta kanuni, WhatsApp iko papo hapo. Mchezaji aliyezama kwenye simu hurudi akiuliza "kumetokea nini?", na jibu lake linaongezwa kwenye kungoja kwa kila mtu.

Kati ya zamu zako kuna kazi. Adui akiondoka karibu nawe bila kutumia kitendo cha kujiondoa salama, una haki ya kumpiga mara moja papo hapo ingawa si zamu yako. Wageni wengi huipoteza haki hiyo kwa kutotazama. Ukikosa la maana la kufanya kwenye zamu, msaidie mwenzako: adui akiwa ndani ya futi 5 kutoka kwako, mwenzako akimshambulia atarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba kubwa. Omba pia kuwa mtunza zamu, yule anayeita nani sasa na nani ajiandae. Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi bora kwa mgeni. Inakuweka macho, inamtua DM mzigo, na inakufundisha mchezo haraka kuliko kusoma.

Kupooza kwingine hutokea pasipo na vita. Kundi limesimama mbele ya mlango likijadili mitego nusu saa. Muulize DM swali moja la wazi: "Kufikia sasa tunajua nini kwa hakika?" Majibu yakishatolewa, pendekeza njia mbili na uombe kura. Usiupige mlango teke peke yako. Umeondoa uchovu wako na kuwatia wengine hasara. Ununuzi wa kamba, mienge na mishale ufanyike katikati ya wiki kwenye kikundi cha WhatsApp, na DM aidhinishe huko.

Halafu kuna saa. Kikao kilichopangwa saa nane huanza saa tisa na nusu kwa sababu nusu ya watu wamekwama Mombasa Road au Thika Road. Ikifika saa kumi na mbili wa mbali wanaanza kuwaza stejini, na mvua ikinyesha wanajua nauli itapanda. Saa ya mwisho inachezwa kwa vichwa vilivyokwisha kuondoka. Pendekeza muda wa kumaliza utajwe mwanzoni, kuwe na mapumziko ya dakika 10 katikati, chai na mandazi viwe tayari kabla, na pigano kubwa lisianze ikiwa imebaki chini ya saa moja.

Ukifanya haya vikao vitatu na bado umechoka, huenda mnapenda vitu tofauti: wao vita, wewe mazungumzo na upelelezi. Zungumza na DM faraghani baada ya kikao, au mwandikie. Taja jambo mahususi, kwa mfano, "Ningependa mhusika wangu amtafute ndugu yake aliyepotea." "Inachosha" haimpi pa kushika. Mapendekezo yako mengine pia yaweke hapo: maelezo ya adui yana wastani wa madhara ulioandikwa tayari, kama 5 kwa goblini (adui mdogo wa kawaida), na DM akiutumia badala ya kurusha dadu, zamu yake inafupika sana.

Matusi, au kushikwashikwa, hayo si uchovu. Ondoka siku hiyo hiyo.

Kuondoka kwa sababu ya kuchoka kuna utaratibu wake. Ngoja sehemu ya hadithi iishe, mwarifu DM angalau wiki moja kabla, na usitoweke kimyakimya kwenye kikundi. Mwachie karatasi ya mhusika wako pamoja na orodha ya vitu vya kundi ulivyokuwa umebeba, kwa sababu kikao kijacho mtu atauliza funguo anazo nani.