Shangazi, wenzetu wamelinda maziwa elfu, sisi ukingo mmoja unatushinda?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi kijana wa huku Igombe, tuna kikundi chetu watu 14, tunapanda miti na kuokota plastiki ufukweni. Rafiki yangu anasoma Marekani, jimbo la Minnesota, kanitumia picha alienda kupiga kasia kwenye msitu una maziwa mpaka unachoka kuhesabu, maji rangi ya chai kavu yametulia tuli, hakuna nyumba, hakuna boti ya injini, anasema ni raia ndo walipambana mpaka pakawa hivyo. Huku kwetu jirani kafyeka mafunjo yote mpaka majini kapanda nyanya, tukiongea tunaambiwa tuna wivu. Hivi wale waliwezaje? Au ni kwa vile wana hela? – Msomaji, Igombe, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na hilo la hela nianze nalo maana linanikera. Aliyekuwa na hela kwenye ule ugomvi alikuwa upande wa pili.

Hapo alipoenda rafiki yako panaitwa Boundary Waters, mpakani kabisa na Kanada, eneo la zaidi ya ekari milioni 1 na maziwa zaidi ya 1,000. Ni misitu ya kaskazini ya misonobari na jamii zake, baridi yake si mchezo, maziwa yanaganda watu wanatembea juu, na mti unakua taratibu sana yani ukikata leo labda mjukuu ndo ataona mwingine wa unene ule. Ile rangi ya chai inatokana na majani na mizizi inayooza taratibu kwenye mabwawa ya msituni, sio uchafu.

Sasa mwaka 1925 tajiri mmoja wa mbao na karatasi, Edward Backus, akaja na mpango wa kujenga mabwawa kadhaa ya umeme, maziwa yapande na kingo zizame. Aliyesimama mbele yake ni Ernest Oberholtzer, mtu aliyekuwa anaishi kisiwani hukohuko, ambaye mwaka 1912 alipiga kasia mpaka Hudson Bay, ghuba kubwa ya kaskazini mwa Kanada, na rafiki yake Billy Magee, Mu-Ojibwe, yani mwenyeji wa asili wa kule, kwahiyo yale maji alikuwa anayajua kwa mikono yake. Hakuwa na kampuni wala cheo serikalini. Yeye na wenzake waliandika barua, wakazunguka kwenye mikutano, wakasumbua wabunge miaka na miaka, na mwaka 1930 Bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba kwenye ardhi ya serikali ya shirikisho kule, marufuku kukata miti ndani ya futi 400 kutoka ufukweni na marufuku kubadilisha kina cha maji. Futi 400 ni kama mita 120.

Hapo ndo nataka utulie mwanangu. Walianzia UKINGONI. Hawakusubiri msitu mzima ulindwe, walishika kwanza ule mkanda wa maji na nchi kavu kukutana.

Na sisi tuliokulia ziwani tunajua kwanini. Nilipokuwa mdogo bibi alikuwa hatuachi tuchote maji palipo wazi, lazima tupite kwenye kinjia katikati ya mafunjo, na nakumbuka siku moja baada ya mvua kubwa nilichota sehemu zote mbili nikaweka ndoo pamoja, ile ya palipofyekwa ilikuwa na tope zito kama uji wa ulezi, ile ya kwenye mafunjo nilikuwa naona kucha zangu ndani ya maji. Mafunjo yanapunguza kasi ya maji ya mvua, tope linabaki kwenye mizizi, mbolea inapungua kabla haijafika ziwani kulisha magugu maji, na humo humo vifaranga vya sato na furu vinajificha sangara asiwale. Huyo jirani kang'oa chujio na kitalu cha samaki kwa mpigo.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Ila usimwendee jirani na sheria mkononi siku ya kwanza. Hata kule Minnesota kulinda kulileta maumivu, mwaka 1977 kwenye mji wa Ely wananchi waliogopa kukosa kazi na boti zao za injini, wakanyonga kwa hasira sanamu ya Sigurd Olson, mwandishi mwenzao wa mji uleule aliyekuwa anatetea pori. Mwaka 1978 sheria ikapita, ukataji wa mbao ukakoma na injini zikazuiwa maziwa mengi. Na bado mpaka leo kuna mvutano wa machimbo ya shaba, mwaka 2023 serikali ilizuia uchimbaji kwenye ekari kama 225,000 za jirani kwa miaka 20, watu wanaendelea kubishana.

Na usidhani ni mambo ya wazungu. Wasukuma tuna ngitili, unafunga eneo la malisho mvua zikiisha, ng'ombe haingii mpaka kiangazi kibane, anayevunja anatozwa faini na wazee. Shinyanga palipobaki vumbi, kuanzia mwaka 1986 watu walirudisha miti kwa njia hiyohiyo. Ufukwe nao unaweza kufungwa kama ngitili.

Kwahiyo nendeni kwa jirani watu wawili watatu, mkubwa mmoja awepo, muulize nyanya zinamlipa kiasi gani na kama ana ardhi nyuma ya hizo mita 60. Mkijitolea kumsaidia kuhamisha matuta na kubeba maji msimu mmoja, neno wivu litakosa pa kukaa. Halafu pelekeni hoja mkutano wa kijiji au mtaa iandikwe kwenye muhtasari, BMU, yani kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu, iwepo, mpime kwa kamba mita 60 hadharani na kuweka vigingi. Mafunjo yenyewe msihangaike kununua miche, chimbeni vipande vya mizizi kwenye kichaka kilichobaki, mchomeke kwenye tope mvua za vuli zikianza. Mkishaweka vigingi nitumie picha, nataka kuona hiyo kamba imefika wapi.