Umeme wa jua kutoka angani? Bado sana

Kaka, umeuliza kama umeme wa jua wa kutoka angani, yaani setilaiti kukusanya jua na kutuma nishati chini kwa mawimbi ya redio, utatufikia Tanga. Kinadharia inawezekana. Mhandisi Peter Glaser wa Marekani alilipendekeza wazo hilo tangu 1968, na mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Caltech, Marekani, walirusha nishati bila waya kutoka kwenye setilaiti hadi chuoni kwao Pasadena, ila kiduchu mno, ya kuonekana kwenye vipimo tu. Kazi ipo kwenye umbali: setilaiti ikiwa kilomita 36,000 juu, mawimbi yanatanuka yakishuka, kwa hiyo antena ya kuyapokea lazima iwe na upana wa kilomita kadhaa. Hapo si mtaa wetu wa Ngamiani wote umefunikwa! Mimi paneli zangu mbili hapa Chumbageni nazifuta chumvi ya bahari kila Jumamosi, na friji ya samaki inagandisha.