Kabla ya Kununua Asidi: Ushauri kwa Anayetaka Kutengeneza Kaitosani kwa Maganda ya Kamba na Kaa

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu kugeuza maganda ya kamba na kaa kuwa kaitosani, polima asilia (dutu ya minyororo mirefu ya molekuli), huanza kwa kuuliza kiasi cha asidi. Mimi huwauliza kwanza maganda hayo yamekaa wapi tangu yalipobanduliwa, na kwa muda gani, kwa sababu kwa uzoefu wangu hapo ndipo ubora unapoamuliwa. Ganda bichi lina mabaki ya nyama, nayo penye joto huanza kuoza baada ya saa chache tu. Vijidudu vikishaizoea protini, huishambulia na kaitini yenyewe, yaani polima ya ganda tunayoigeuza kuwa kaitosani. Basi yaoshwe mara moja, yakwanguliwe, kisha yaanikwe au yagandishwe. Ganda lililokauka barabara huvunjika kwa mlio mkavu ukilikunja. Likipinda tu, lirudishe juani.

Lingine ni kuchambua. Magamba ya chaza na kome hayafai kabisa kwa kazi hii, kwani karibu yote ni kalsiamu kaboneti na yatamaliza asidi yako bila kukuachia kitu. Kaa naye ana madini mengi kuliko kamba, kwa hiyo usiwachanganye katika chombo kimoja.

Ili kuondoa madini, maganda yaliyosagwa huloweshwa kwanza katika asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa hadi takriban moli 1 kwa lita, bila kupashwa moto. Imimine kidogo kidogo, maana kaboni dioksidi hutoka kwa kasi na povu hufurika. Viputo vikikoma hata unapoongeza asidi, toa maganda na uyasuuze. Nasisitiza jambo hili, kwa kuwa asidi ikiachwa muda mrefu hukata minyororo ya kaitini, na utando utakaoupata baadaye utachanika kwa urahisi. Protini huondolewa kwa kostiki soda (sodiamu hidroksidi, alkali kali) ya asilimia 4 hivi, kwenye joto la karibu nyuzi 70 kwa saa kadhaa.

Hatua inayozaa kaitosani ndiyo ya hatari zaidi: kostiki soda ya asilimia 40 hadi 50, kwenye joto la nyuzi 100 au zaidi. Vaa miwani na glavu, tia soda ndani ya maji na kamwe si maji ndani ya soda, wala usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu soda huila na kutoa haidrojeni inayowaka. Asiye na mahali penye hewa ya kutosha na vifaa vya kujikinga asiijaribu hatua hii.

Kipimo cha kufaulu ni chepesi. Kaitosani huyeyuka katika asidi ya asetiki ya asilimia 1 na kuwa uteute mzito, ilhali kaitini hubaki chini. Uteute huo ukimwagwa kwa wembamba juu ya kioo na kukauka, hutoa utando angavu, na glisirini kidogo huufanya unyumbuke. Hata hivyo, utando huo hufura ukilowa, kwa hiyo simshauri mtu kuahidi mifuko mbadala wa plastiki. Penye manufaa ya hakika zaidi, kwa maoni yangu, ni kusafisha maji yenye matope, kwa kuwa chaji chanya za kaitosani huzinasa chembe na kuzituamisha, pamoja na kupaka mbegu na matunda.

Majitaka ya asidi na ya soda yasimwagwe mtaroni. Yachanganye polepole huku ukiyapima kwa karatasi ya litmasi mpaka yasiwe upande wowote, wala wa asidi wala wa soda, na uyatenge mashapo ya protini yanayojitokeza.