Kwadi baiki inayokata ndani ya maji: tazama inavyozima kabla ya kununua spea

Ndugu uliyeuliza, umesema kwadi baiki yako (pikipiki ya magurudumu manne) ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, haina neno barabarani, ila ukiivusha maji ya magotini huko Mwakirunge, Mombasa, masika haya, inakata. Ukiisukuma hadi pakavu na kungoja kidogo, inawaka. Umeshabadilisha plagi na betri, na sasa umeambiwa ununue kabureta mpya. Hiyo kabureta usiinunue kwanza.

Mimi ni fundi, na nyingi ninazotengeneza ni hizi zinazokodishwa ufuoni Bamburi na Shanzu. Ikiletwa ya kukata majini, kabla sijashika spana huuliza: ilizima vipi, na ilichukua muda gani kuwaka tena?

Ikidhoofika polepole kana kwamba petroli imekwisha, kisha ikazima, na ikitoka tu majini inarudi hali yake, mimi huenda moja kwa moja kwenye mpira wa kupumulia wa kabureta. Maelezo yako yanaelekea huko. Kabureta ina kikombe cha petroli chenye kiboya ndani yake. Ili petroli ipande kwenye jeti, yaani kitundu kinachoipeleka kwenye injini, lazima hewa iingie ndani ya kikombe hicho. Ni kama dafu ulilolitoboa tundu moja dogo: maji hutoka kwa shida mpaka utoboe la pili la kupitishia hewa. Kwenye mashine nyingi mpira huo unaning'inia chini karibu na fremu. Ncha yake ikizama, hewa inakatika, petroli haipandi, injini inakufa njaa na tangi limejaa.

Kuhakikisha hakuna gharama. Toa siti, fuata mipira inayotoka ubavuni mwa kabureta, ipandishe juu na uifunge kwa kamba karibu na usukani, kisha pita tena maji yale yale. Isipokata, umepata jibu. Nunua mpira wa petroli wa kipenyo kile kile, uupitishe chini ya plastiki hadi juu ya tangi, ncha ielekee chini ili mvua isiingie. Usiukunje wala usiuzibe. Ule mpira wa chini kabisa, penye skrubu ya kumwagia petroli, uache ulivyo. Lakini fungua skrubu hiyo mara moja, ukinge petroli kwenye chupa safi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo kama yameingia utayaona yametulia chini.

Ikizima ghafla, au ikianza kurukaruka na kupiga mlio kwenye ekzosti, na isiwake mpaka ikauke kabisa, hapo shida ni moto wa plagi. Tazama kofia ya plagi, waya wake na koili inayoipa plagi umeme. Ngoja giza liingie, washa injini, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya dawa kwenye waya na koili bila kugusa kitu. Penye ufa utaona cheche za samawati zikiruka kwenda kwenye chuma. Badilisha waya na kofia, upake grisi ya silikoni ndani ya kofia. Fungua pia swichi ya kuzimia pale kwenye usukani na soketi zake, maana chumvi ya Pwani hujenga kutu ya kijani humo hata kwa mashine isiyowahi kuingia baharini.

Injini ikinguruma na mashine haisogei, huko si kukata. Mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu umelowa, unateleza. Fungua kizibo cha chini cha kava ya mkanda, maji yatoke, weka nyutro, gusa akselereta kidogo ili mkanda ukauke.

Sasa hili nakuomba ulishike sana. Ikizama hadi hewa ya injini ikavuta maji, itazima kwa kishindo au stata itagoma kuzungusha. Usibonyeze stata mara ya pili! Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikiyakuta silindani, kinachopinda ni konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, na hapo unafungua injini nzima. Isukume nje, toa plagi, funga petroli, kausha kichungi cha hewa, ndipo uizungushe bila plagi mpaka maji yaruke yote. Angalia oili. Ikiwa imegeuka nyeupe-nyeupe, imwage, weka mpya, washa kwa muda mfupi, kisha imwage tena. Oili ni rahisi kuliko beringi za injini.

Watengenezaji wengi huonya maji yasipite pahali pa kuwekea miguu. Uheshimu mpaka huo hata baada ya kuinua mipira, kwa sababu mlango wa hewa na ekzosti bado viko pale pale. Maji ya mvua yakiwa yanakwenda kwa kasi, ngoja yapungue. Magurudumu yale manene yanaelea, na mkondo huibeba mashine pamoja na mtu.

Wanaopita kando ya mkono wa bahari wa Tudor wazingatie mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 tu. Ulipopita pakavu asubuhi, mchana hapapitiki. Na kila ikigusa maji ya chumvi, ioshe siku hiyo hiyo kwa maji yasiyo na chumvi, upande wa chini, breki na mnyororo, bila kuelekeza presha kwenye beringi wala soketi. Kisha pima oili ya difu, yaani gia za kwenye ekseli, kwa kuwa nayo ina mpira wake wa kupumulia, na chuma cha moto kikipozwa ghafla hunyonya maji kupitia humo.