Mume Wangu Alitumwa Kuhubiri Ujerumani, Sasa Yeye Ndiye Anayepika

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mke wa mchungaji wa Kilutheri kutoka Usambara. Miaka mitatu iliyopita mume wangu alitumwa kutumikia usharika mmoja huko Westfalia, Ujerumani, nami nikafuatana naye pamoja na watoto wetu wawili. Nyumbani nilikuwa muuguzi na kiongozi wa wanawake usharikani. Huku sikuwa na kazi mwaka mzima wa kwanza, nikasoma lugha, na sasa nawasaidia wauguzi katika nyumba ya wazee, kwa zamu. Nikiwa zamu ya jioni, baba ndiye anayemchukua mdogo chekechea, anayepika na anayefua. Binti yetu wa miaka 12 anatushinda sote kwa Kijerumani: anatusomea barua za ofisini, anatufasiria kwa daktari, na Jumamosi anasahihisha mahubiri ya baba yake mezani. Mwezi uliopita nilimwambia dada yangu kwenye simu kwamba siku hizi shemeji yake ndiye anayesonga ugali. Mume wangu alisikia, akanyamaza siku mbili, kisha akasema kwamba Mungu hakumwita ili awe yaya. Je, niache kazi ili nyumba irudi ilivyokuwa?
Mama wa Wawili, Westfalia

Marahaba, mwanangu. Usiache kazi.

Nakujibu hivyo mapema kwa sababu nyumba unayotaka irudi haiko tena, na wewe kukaa jikoni hakutairudisha. Ile nyumba ya Usambara ilikuwa na bibi wa kushika mtoto, msichana wa kazi, na wanawake wa usharika walioingia kwa mlango wa nyuma na mkungu wa ndizi bila kuulizwa. Ilikuwa pia na baba ambaye hakuwa na haja ya kujieleza kwa mtu yeyote. Hao wote hawakupanda ndege pamoja nanyi. Mlibaki watu wazima wawili na watoto wawili, na kazi zilezile za nyumba zikawa zinangoja mikono minne badala ya kumi.

Hata hivyo, naona umelitaja suala la mume wako upesi mno, na huko ndiko kwenye maumivu. Mchungaji wa usharika wa kwetu ana mitaa kadhaa chini yake, na kila mtaa una mwinjilisti wake. Jumapili kwaya zinapokezana, ibada inachukua saa nyingi, na baada ya baraka watu wanakusanyika nje kwa mnada wa mavuno, ambako kuku mmoja hununuliwa, hurudishwa kwa Bwana na kunadiwa tena mpaka watu wanacheka. Mtu akizoea hayo, kisha akapelekwa mahali ambapo mahubiri huandikwa neno kwa neno, wasikilizaji wengi ni wazee wachache kwenye viti vya nyuma, na kikao cha baraza la usharika kinajadili gharama za kupasha joto kanisa, lazima ajiulize ameitwa kufanya nini. Mwishoni mwa 2023 makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani yalikuwa na waumini chini ya milioni 19, na idadi hiyo inashuka kila mwaka. Kwa hiyo vikao vingi anavyokaa mume wako vinahusu ni jengo lipi liuzwe na usharika upi uunganishwe na mwingine. Alitumwa akidhani anakwenda kujenga. Neno lako la ugali lilimkuta hapo, na kwa maoni yangu kilio chake kuhusu yaya kinahusu kazi yake ya kanisani kuliko sufuria.

Kwa sababu hiyo usimjibu kwamba mbona wanaume wa Kijerumani wanapika. Ni kweli, lakini halimponyi. Mpe neno lililo ndani ya mipaka ya wito wake mwenyewe. Anawajua Akila na Prisila katika Matendo 18: wamefukuzwa Rumi, wako ugenini Korintho, wanashona mahema kwa mikono yao, na baadaye, Efeso, wote wawili wanamchukua mhubiri Apolo na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hakuna anayeambiwa kwamba mahema yamemvunjia heshima. Anajua pia kwamba wamisionari wa Kijerumani walipofika Usambara mwaka 1891, na miaka iliyofuata, wake zao walifundisha kushona, walitibu vidonda na kupokea wageni, ingawa mikataba ilikuwa ya waume. Na Wajerumani walipoondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu na wainjilisti wa kwetu ndio waliobaki na makanisa mikononi, bila mtu kuwauliza kama kazi hiyo ilikuwa yao. Misioni imebadilisha kazi za watu tangu ilipoanza. Tangu 1996, shirika la misioni la VEM la Wuppertal, Ujerumani, lilipogeuka kuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, mtu wa Lushoto anaweza kutumwa Westfalia kama mwenzake wa Westfalia alivyotumwa Lushoto, na ugenini wa yule mmisionari wa Kijerumani sasa umekuwa wa mume wako.

Juu ya simu, mwanangu, hapo ulikosea kidogo. Habari ya mchungaji kusonga ugali ikifika kwa dada yako asubuhi, jioni iko kwenye kikundi cha wanawake, na Jumapili iko kwa mzee wa kanisa. Mwombe radhi kwa kuitangaza; usimwombe radhi kwa ugali. Kisha mkubaliane ni mambo gani ya nyumba hiyo yanavuka bahari na ni yapi yanabaki hapo. Yafanyeni mazungumzo hayo siku ambayo huna zamu, mtoto akiwa chekechea, maana mtu aliyetoka kuwageuza wazee kitandani saa nane mfululizo hana subira ya kusikia habari za heshima ya mtu.

Jambo linalonisumbua zaidi katika barua yako umeliandika kwa fahari. Binti wa miaka 12 anawafasiria kwa daktari. Maana yake anajua mama anaumwa wapi, baba anadaiwa nini na ofisi imesema nini kuhusu kibali, kabla ninyi wenyewe hamjajua, na siku habari mbaya itakapokuja itapita kwanza kinywani mwake. Kusahihisha mahubiri mezani si kitu kibaya. Baba anayekubali kufundishwa lugha na mwanawe hapotezi chochote, na pengine hiyo ndiyo saa yao nzuri kuliko zote. Lakini mwondoeni kwa daktari, benki na ofisi ya wageni. Diakonia, shirika la huduma la makanisa ya Kiinjili, na Karitasi, lile la Wakatoliki, wana ofisi za ushauri kwa wahamiaji zisizotoza ada, na usharika wenu hautakosa mstaafu mmoja atakayefurahi kukaa nanyi mara moja kwa wiki na bahasha za barua. Mume wako aombe mwenyewe msaada huo. Atakuwa anamrudishia binti yake utoto wake, na hiyo ni kazi ya baba isiyohitaji Kijerumani kizuri.

Kuhusu ajira yako, usiishie kuwa msaidizi kama una cheti cha uuguzi. Omba vyeti vyako vitambuliwe. Utaratibu ni mrefu, na kwa kawaida utatakiwa ufikie lugha ya kiwango cha B2, yaani cha kuzungumza bila shida kazini, lakini wewe uko ndani ya lugha hiyo kila siku. Kumbuka pia kwamba mshahara wako unakatwa mchango wa pensheni kwa jina lako mwenyewe, na anayefikisha miezi 60 ya michango hupata haki ya pensheni ya uzeeni. Wake wa wachungaji wa kwetu wengi wametumikia maisha yao yote wakazeeka bila kitu kilichoandikwa majina yao. Kisha pangeni pamoja fedha ya wote wawili, pamoja na ile inayotumwa nyumbani, ili ndugu wasimpigie yeye kwa baraka na wewe kwa ada za shule.

Halafu muulize mume wako swali ambalo nadhani hamjaulizana: mkataba ukiisha, mnarudi kuwa nani? Usharika utamngoja mama mchungaji wa zamani, anayepika kwa wageni wa dayosisi na kufungua vikao kwa sala, wakati wewe utakuwa mtu mwingine. Mwandikieni askofu mapema, kwa sahihi zenu wote wawili, mkieleza kwamba utarudi kazini hospitalini. Na leseni yako ya uuguzi ya Tanzania, uliza leo jinsi ya kuihuisha ukiwa huko, usingoje mwaka wa kurudi.