Faksi kutoka kwenye kompyuta: yaliyonikuta na fomu ya shangazi

Mwaka juzi shangazi alinipigia simu kutoka Wete. Marehemu mumewe alikuwa baharia wa meli za nje, na ofisi moja ya pensheni kule Hamburg ilimpelekea fomu: ijazwe, itiwe saini, irudishwe kwa posta au kwa nukushi. Barua pepe hawaikubali. Tarehe ya mwisho ilikuwa karibu, posta asingeiwahi. "Mwanangu," akaniuliza, "hiyo nukushi ndiyo kitu gani, na hapa Wete inauzwa duka gani?"

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa na haki. Neno hilo sote tumelisoma juu ya barua za serikali, chini ya simu na S.L.P., na wengi wetu hatujapata kulitamka. Watu husema faksi. Mimi nilijiona fundi wa mambo hayo, maana nilikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha pale Malindi ya Unguja, na nusu ya kazi yangu ilikuwa kungojea hati za mizigo kutoka Dubai na Mombasa zitoke kwenye mashine, karatasi ile ya roli inayojikunja yenyewe kama jamvi. Nikamwambia shangazi asiwe na wasiwasi, siku mbili itakuwa imefika. Ilichukua wiki tatu kasoro siku moja, na tarehe ya mwisho tuliikuta mlangoni.

Kosa la kwanza lilikuwa simu. Kompyuta peke yake haitumi faksi. Inataka modemu ya faksi, kidude kidogo ambacho upande mmoja kinachomekwa kwenye USB na upande wa pili kinaingia waya wa simu. Programu haina haja ya kununua: Windows inayo tangu enzi za Vista, inaitwa Windows Fax and Scan, na kama huioni kwenye kompyuta yako basi ni ya kuongezwa kwenye vipengele vya hiari. Wenye Linux wana HylaFAX, ambayo inafaa ofisi yenye kompyuta kadhaa zinazotumia laini moja. Modemu nilikuwa nayo, imelala kwenye droo tangu siku za Malindi. Nilichokosa ni simu ya waya. Nikaenda Darajani nikanunua simu ya mezani ile inayotiwa kadi ya simu, umbo lake ni simu ya mezani kabisa, na nyuma ina tundu la waya. Muuzaji akaniapia kwamba inafanya kila kitu. Modemu ikapiga, kule ikapokelewa, zikapigiana makelele kiasi cha dakika moja, kisha kimya. Nilijaribu mara sita kabla ya kukubali kwamba nimetupa pesa.

Sababu yake ni hii. Faksi ni sauti. Modemu inaugeuza ukurasa kuwa milio, na mashine ya pili inaigeuza milio kuwa ukurasa. Hata kabla ya kupeana karatasi zinaamkiana kwanza: anayepiga anatoa mlio mfupi wa hezi 1,100 (yaani mitetemo 1,100 kwa sekunde) na kuurudia kila baada ya sekunde 3 hivi, anayepokea anajibu kwa mlio wa hezi 2,100, halafu wanapatana kasi. Mtandao wa simu za mkononi umetengenezwa kubeba maneno ya mwanadamu, na ili ubebe watu wengi unaibana sauti na kuacha kila usichokiona kuwa ni maneno. Salamu za shangazi zinapita vizuri. Mlio wa modemu unafika umeharibika. Kwa hiyo laini ya mkononi, hata ikivaa umbo la simu ya mezani, usihangaike nayo.

Waya wa shaba, ile simu ya mezani ya zamani yenye msimbo wetu wa Zanzibar, 024, ndio unaokwenda. Simu inayopita kwenye intaneti iko katikati: upo utaratibu uitwao T.38, uliotungwa 1998 kwa ajili ya kupitisha faksi kwenye intaneti, lakini kifaa chako na mtandao wako vyote viwili lazima viwe vinaujua. Kama umekwama na laini ya namna hiyo, ingia kwenye mipangilio ya modemu ushushe kasi kutoka biti 14,400 kwa sekunde mpaka 9,600. Mara nyingi inatosha.

Mimi niliachana na waya, nikajiunga na huduma ya faksi ya intaneti. Unaandika barua pepe, mahali pa anwani unaweka namba ya faksi ikifuatiwa na anwani ya huduma hiyo, unaambatisha PDF, unatuma. Wao ndio wenye laini nzuri na wao ndio wanaopiga. Mtu anayetuma faksi tatu kwa mwaka, ushauri wangu ni huo huo, asinunue mashine wala modemu. Atazame tu kama wanatoza kwa ukurasa au kwa mwezi, kwa sababu malipo ya mwezi yanajikata yenyewe kwenye kadi mpaka uwaandikie waache, na mimi nimeyachangia miezi minne bila kutuma hata ukurasa mmoja.

Namba nayo ina mtego. Ile ya Hamburg iliandikwa +49, kisha sifuri ndani ya mabano, kisha 40. Sifuri hiyo ni kwa aliye Ujerumani. Ukipiga kutoka nje unaiacha. Mimi niliitia, nikarudishiwa jibu kwamba namba haipo. Kwetu ni vivyo hivyo: mtu wa nje anayetaka 024 anaandika 255 24, sifuri inabaki nyumbani. Na ukipiga kwa modemu kwenye laini ya hapa Tanzania, kabla ya msimbo wa nchi unatanguliza 000.

Sasa karatasi, na hapa ndipo wiki mbili zilipokwenda.

Kijana wa shangazi aliipiga picha fomu kwa simu, imewekwa juu ya busati, jua la dirishani limeingia upande mmoja, akanirushia kwa WhatsApp. Kwenye kioo ilisomeka vizuri tu. Nikaituma. Ripoti ikaja kwamba imefika, kurasa 2 kati ya 2. Baada ya siku nne Hamburg wakaandika kwamba wamepokea kurasa mbili nyeusi.

Faksi haijui kijivu. Inajua nukta nyeusi na nukta nyeupe, basi. Ukurasa wa A4 kwa ubora wa kawaida ni nukta 1,728 kwa upana na mistari 1,100 na kitu kwa urefu, jumla karibu nukta milioni 2. Zingetumwa zote moja moja kwa kasi ya 9,600, ukurasa mmoja ungekula zaidi ya dakika 3. Hauli hivyo kwa sababu mashine haisemi "nyeupe, nyeupe, nyeupe". Inahesabu na kusema "nyeupe mia tano, nyeusi nne, nyeupe mia mbili". Karatasi safi yenye maandishi machache inapita chini ya dakika moja. Ukiipa picha yenye kivuli, inajaribu kukifananisha kijivu kwa kunyunyiza nukta nyeusi kama pilipili manga, hesabu zile zinakuwa hazina faida, ukurasa unachukua dakika kadhaa, na kila dakika inayoongezeka ni nafasi nyingine ya laini kukatika. Ukiamua kuugeuza wote kuwa nyeusi na nyeupe bila kurekebisha mwanga, kivuli chote kinakuwa wino. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Basi nikamwomba shangazi aende steshenari pale Wete, wamsikanie fomu kwa skana ya kioo, nyeusi na nyeupe, si ya rangi na si ya kijivu, kwa nukta 200 kwa inchi. Zaidi ya hapo ni kazi bure, faksi ya kawaida haiwezi kuibeba. Kwenye kutuma nikachagua ubora wa juu, ambao unaongeza mistari maradufu. Muda unaongezeka, lakini herufi ndogo za fomu za Kijerumani bila ya huo hazisomeki.

Haikutosha. Alikuwa ameijaza kwa kalamu ya buluu, na buluu hafifu skana iliihesabu nyeupe. Jina lilibaki nusu. Na kwenye ile sehemu ya kuthibitisha kwamba yu hai, sheha aligonga muhuri wake juu ya saini barabara, kwa nguvu, kama wanavyopenda masheha. Muhuri na saini vikawa doa moja. Tukaanza upya: kalamu nyeusi, muhuri pembeni penye nafasi tupu. Shangazi aliona haya kumrudia sheha mara ya pili kwa jambo la namna hiyo, akampelekea na mkungu wa ndizi.

Jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo ni kujitumia mwenyewe kwanza. Huduma niliyojiunga nayo ilinipa namba ya kupokelea, ya Marekani kwa kuwa za 024 hawana. Nikawa natuma fomu kwenye namba yangu mwenyewe, inarudi kama PDF kwenye barua pepe, naiona vile vile atakavyoiona karani wa Hamburg. Gharama ni ya kurasa mbili.

Kupokea kwa modemu ya nyumbani sikushauri. Kompyuta lazima iwe macho usiku na mchana, maana ikilala simu italia na hakuna wa kupokea. Simu hiyo hiyo ikipokewa na mtoto, mtumaji anasikia "haloo" na mtoto anasikia filimbi. Na umeme tunaujua. Unguja ilipokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, pale ofisini simu ya waya ililia kama kawaida kwa sababu inapata nguvu kwenye waya wenyewe, lakini mashine ya faksi ilikuwa jiwe mpaka jenereta liwashwe. Wateja wetu wa Dubai hawakuelewa inakuwaje simu ipokewe na faksi isiingie. Faksi ya intaneti inakungojea kwenye barua pepe mpaka umeme urudi.

Ila namba za bure za majaribio jihadhari nazo. Zinatumika tena kwa watu wengine. Mwezi wa kwanza niliopewa ya kwangu ziliingia kurasa za vipimo vya hospitali vya mtu nisiyemjua, jina na kila kitu. Nilizifuta, nikawaandikia wenye huduma. Tangu hapo, nikishatuma hati ya mtu naingia na kufuta nakala iliyobaki kwao, na namba yangu sikuiacha, maana anayekuja kuirithi atapokea barua zangu.

Ripoti ya kutuma itunze. Maana yake ni kwamba mashine ya kule imekiri kupokea kurasa, si kwamba kuna mtu amezisoma. Zile kurasa nyeusi nazo zilipata ripoti nzuri. Lakini mtu akija kudai hakuletewa kitu, hiyo ndiyo hoja yako. Tazama saa iliyoandikwa, kwa sababu ya kwangu ilikuwa ya Marekani na ilionyesha kwamba nimetuma jana yake. Kama una risiti za zamani za karatasi ya roli, zitoe kopi leo: wino wake ni joto, na kwa joto letu hili zile za Malindi tulizoziweka kwenye faili zimekuwa karatasi nyeupe tupu.

Mara ya nne Hamburg waliipokea. Niliandika kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, namba yangu ya faksi wajibu hapo, na wiki ile yote nikawa nafungua barua pepe kila baada ya swala. Hakikuja kitu. Jibu lao lilifika baada ya wiki tano, kwenye bahasha, kwa S.L.P. ya skuli anayofundisha yule kijana wa shangazi.