Vitonge vya makaroni na jibini: kalori zinajificha wapi?

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya kitafunio kimoja: makaroni yaliyochanganywa na mchuzi mzito wa maziwa na jibini, yakaachwa yagande, yakaviringwa vitonge, yakavikwa yai na chenga za mkate, kisha yakatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Kalori tunazozitaja hapa ndizo zile ambazo pakiti huziandika “kcal”.

Navipika nyumbani kwa sherehe za watoto. Nitajuaje kitonge kimoja kina kalori ngapi? (Msomaji, Ntinda, Kampala)

Dada, usianze na kitonge, anza na sufuria nzima. Pima kila kinachoingia, jumlisha, halafu gawa kwa idadi ya vitonge. Ukishapata mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kazi inayobaki ni ya kalamu tu.

Tuchukue mapishi ya kawaida ya vitonge 40. Makaroni makavu gramu 250 yana kalori 900. Siagi gramu 40 ina 290, na unga wa ngano wa mchuzi gramu 40 una 145. Maziwa yasiyopunguzwa mafuta, nusu lita, yana 315. Jibini ya gouda gramu 250 ina 890. Hapo ndani peke yake pana 2,540.

Ganda lina hesabu yake: unga gramu 40 (145), mayai mawili (145) na chenga kavu za mkate gramu 120 (475), jumla 765. Sahani ya chenga huwa inabaki na kitu. Ipime kabla na baada, uhesabu kilichoondoka tu.

Mafuta ya kukaangia ndiyo yanayosahaulika. Pima sufuria ikiwa na mafuta kabla hujaiwasha. Ukimaliza kukaanga, acha ipoe kabisa, rudishia mafuta yaliyochuruzikia kwenye sinia, ondoa chenga zilizozama, kisha pima tena. Tuseme yamepungua gramu 140. Kila gramu ya mafuta ni kalori 9, kwa hiyo hizo ni 1,260. Jumla kuu ni 4,565, ukigawa kwa 40 unapata karibu 114 kwa kitonge. Mtu akila sita, amekula kama 680, yaani theluthi ya kalori 2,000 ambazo mtu mzima wa kawaida huhesabiwa kwa siku. Na bado hajakaa mezani.

Ukishindwa kupima mafuta, kadiria kwamba yamenyonywa asilimia 10 ya uzito wa vitonge vibichi. Ni makadirio, lakini yako karibu na ukweli kuliko kuandika sifuri.

Makaroni niyapime yakiwa makavu au yakishaiva? Kila nikitafuta napata namba mbili tofauti. (Msomaji, Mbale)

Namba zote mbili ni sahihi, ila huwezi kuzichanganya. Gramu 100 za makaroni makavu zina kalori kama 360. Yakichemka hunywa maji na kufika gramu 220 hadi 250, na kalori hubaki zilezile 360. Ndiyo maana gramu 100 za makaroni yaliyoiva zina kama 155 tu. Kosa linalotuletea hesabu za ajabu ni kupima yaliyoiva kisha kutumia namba ya makavu: unajikuta umezidisha zaidi ya mara mbili. Pima makavu kila mara, kwa sababu maji yanayonywewa hubadilika kulingana na muda wa kuchemsha.

Chenga za mkate zina mtego huohuo. Mkate laini una kama 265 kwa gramu 100, lakini ukiukausha na kuusaga, maji yameondoka na gramu 100 za chenga zina karibu 395.

Nauza vitonge sokoni, nakaanga kwenye sigiri. Vinatoka vimelowa mafuta na vingine vinapasuka. Shida ni mafuta ya bei rahisi? (Mama muuzaji, Arua)

Hapana, mama. Shida ni joto, na sigiri inalifanya liwe gumu kulisimamia.

Kitonge kikiingia kwenye mafuta ya nyuzi 175 hadi 180 za selisiasi, maji ya kwenye ganda hugeuka mvuke na kusukuma kwenda nje. Mvuke ukiwa unatoka kwa nguvu, mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Mafuta yakishuka chini ya nyuzi 160, mvuke unakuwa dhaifu, ganda linachelewa kukauka, na kitonge kinakaa muda mrefu kikinywa mafuta. Kinachoshusha joto hasa ni kutumbukiza vitonge kumi kwa pamoja, vikiwa baridi. Kwa lita moja ya mafuta weka vinne au vitano, vitoe baada ya dakika tatu hivi, ngoja dakika moja au mbili mafuta yapande tena, ndipo uweke vingine. Kama huna kipimajoto, dondosha kipande cha mkate cha upana wa sentimita mbili na nusu: kikiwa cha kahawia kwa kama dakika moja, mafuta yako tayari. Kikiungua kwa sekunde 20, sogeza makaa pembeni.

Jambo la pili wengi hawalijui, na linabadilisha hesabu nzima. Sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya kukitoa kitonge sufuriani. Kikianza kupoa, mvuke uliobaki ndani ya ganda unarudi kuwa maji, nafasi inabaki wazi, na mafuta yaliyonata juu yanafyonzwa ndani. Kwa hiyo kitingishe kwenye chujio juu ya sufuria mara tu kinapotoka, kiweke kwenye waya, na ukifute kwa karatasi ya jikoni ndani ya dakika ya kwanza. Ukivirundika kwenye bakuli hadi umalize kundi zima, umechelewa.

Kupasuka kunatoka kwingine. Mchanganyiko haukuganda vya kutosha, au ganda lina ufa. Jibini huyeyuka na mvuke wa ndani husukuma kabla ganda halijakauka. Tandaza mchanganyiko kwenye sinia unene wa sentimita tatu ili upoe haraka, uweke kwenye friji saa mbili au zaidi, viringa, vika, kisha weka vitonge kwenye friza nusu saa kabla ya kukaanga. Usiuache mchanganyiko wa maziwa mezani zaidi ya saa mbili, hasa kwa joto la Arua.

Mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi, yale meusi yanayotoa povu, nayo hung'ang'ania zaidi kwenye ganda. Yachuje kila siku, na yakianza povu yatupe.

Dukani kuna mafuta yameandikwa “hayana kolesteroli”. Yana kalori chache? (Msomaji, Lira)

La. Mafuta yote ya mimea hayana kolesteroli, yawe ya alizeti yanayokamuliwa huko kwenu Lango au ya michikichi ya Kalangala. Kalori ni zilezile, karibu 9 kwa gramu. Tofauti yao ni aina ya mafuta: karibu nusu ya mafuta ya michikichi ni yale magumu yanayopandisha kolesteroli ya damu, wakati kwa alizeti ni kama asilimia 11. Kwa moyo, alizeti ni bora. Kwa kalori, hakuna cha kuchagua.

Nataka kupunguza kalori lakini familia isigundue. Nianzie wapi? (Msomaji, Entebbe)

Anzia kwenye mafuta ya kukaangia, ndipo ugeukie jibini na siagi. Makaroni yenyewe yawe ya mwisho. Watu wengi hufanya kinyume, wanapunguza makaroni na kuacha mafuta, kisha wanashangaa namba haisogei.

Kwa mapishi yetu ya vitonge 40: oka badala ya kukaanga, ukitumia gramu 30 tu za mafuta, na umeokoa karibu 990. Chenga za mkate haziwi za kahawia vizuri kwenye oveni zikiwa na mafuta machache, kwa hiyo zikaange kwanza kwenye kikaango pamoja na hizo gramu 30 hadi zipate rangi, ndipo uvike. Oka kwa nyuzi 210 juu ya waya, dakika 18 hadi 20, ukigeuza katikati.

Jibini ipunguze kutoka gramu 250 hadi 150, lakini nunua iliyokomaa, yenye ladha kali, na uongeze kijiko kidogo cha haradali kwenye mchuzi. Haradali na chumvi ya jibini huufanya ulimi uamini jibini ni nyingi. Hapo unaokoa 355. Siagi iache kabisa: koroga gramu 30 za unga laini wa wanga wa mahindi kwenye maziwa baridi, chemsha ukikoroga hadi uzito uje. Unaokoa 320, ukihesabu na tofauti ya unga. Maziwa yawe ya mafuta kidogo (okoa 85). Kama unanunua kwa mfugaji, yachemshe, yalaze kwenye friji, asubuhi toa malai yote ya juu. Kwenye ganda tumia ute wa mayai matatu badala ya mayai mawili mazima (okoa 95).

Makaroni yapunguze hadi gramu 170, nafasi yake ijazwe na boga gramu 180 lililopikwa kwa mvuke na kupondwa. Rangi yake ya njano inaficha upungufu wa jibini. Usilichemshe majini, litaleta maji na vitonge vitalegea. Hapo unaokoa 220.

Jumla inashuka hadi karibu 2,500, au 62 kwa kitonge. Lakini tuwe wakweli: mchanganyiko huu ni mwepesi kidogo, kila kitonge kina gramu 30 ndani badala ya 33. Ukiviringa kwa ukubwa uleule wa mwanzo utapata 36, kila kimoja karibu 69. Bado umepunguza asilimia 40 hivi.

Jibini isiyo na mafuta hatuishauri. Haiyeyuki vizuri, inakuwa kama mpira, na watu watagundua.

Sina oveni. (Msomaji, Jinja)

Bonyeza vitonge viwe bapa, vyenye unene wa sentimita mbili. Weka vijiko vikubwa viwili vya mafuta (kalori 240) kwenye kikaango kizito, moto wa wastani, pika kundi kwa kundi ukigawa mafuta hayo, dakika tatu kila upande. Funika dakika mbili za mwanzo ili ndani pashe moto, kisha funua, la sivyo mvuke utalainisha ganda. Kikaango cha hewa moto nacho kinafaa: nyuzi 190, dakika 10, visigusane.

Nimesikia makaroni yakilala kwenye friji kalori zinapungua. (Msomaji, Fort Portal)

Kuna chembe ya ukweli. Wanga ukipoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa ngumu kusagwa tumboni. Ila sehemu hiyo ni ndogo, na kwenye kitonge chenye mafuta na jibini haisogezi hesabu. Yalaze kwenye friji kwa sababu yataviringika vizuri, lakini usipunguze kalori hata moja kwenye hesabu.

Pakiti ya vitonge vilivyogandishwa imeandika kJ 1,090 kwa gramu 100. Hizo ni kalori ngapi? (Msomaji, Kampala)

kJ ni kilojuli, kipimo kingine cha nishati ya chakula. Gawa kwa 4.184, unapata kama kalori 260. Kisha angalia mambo mawili: kama namba ni ya kabla au baada ya kupika, na kama “sehemu moja” ni vitonge vinne au pakiti nzima. Namba ikiwa ya kabla ya kupika na wewe ukavikaanga, mafuta yako hayamo humo.

Mwanangu ana miezi 16, anavipenda. Nimpe vile vya kalori chache? (Mama, Masaka)

Hapana, mama. Mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mafuta kwa ajili ya ubongo na ukuaji, kwa hiyo mtengenezee kwa maziwa yasiyotolewa malai na mayai mazima. Kinachopaswa kupungua kwake ni chumvi: chemsha makaroni bila chumvi na usiongeze kwenye mchuzi, ya jibini inatosha. Ganda gumu lipasue, kitonge kikate vipande vidogo, na ukijaribu ndani kwa kidole chako kwanza, maana jibini hukaa na moto muda mrefu baada ya ganda kupoa.